Wytham Woods: kitabu kizuri, ila mabishano yako wapi?

Ukisikia "msitu wa kale" nchini Uingereza, usifikirie msitu ambao haujaguswa. Kule maana yake ni eneo ambalo limekuwa msitu mfululizo tangu angalau mwaka 1600, na muda wote huo watu wamekata kuni humo na kuwinda. Wytham Woods, karibu na Oxford, ni mchanganyiko: vipande vya kale, vipande vilivyoota upya kwenye malisho, na miti ya kupandwa. Kitabu chake, Wytham Woods: Oxford's Ecological Laboratory (2010), kimehaririwa na Savill, Perrins, Kirby na Fisher. Nimekisoma mara mbili. Kina nguvu, na kina pengo.

Nguvu yake ni uvumilivu. Mwaka 1947 David Lack alianza kufuatilia ndege aina ya Parus major kwenye visanduku vya viota, na kazi hiyo haijasimama. Ndiyo maana tunajua kwamba ndege wale siku hizi wanataga takriban wiki mbili mapema kuliko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Joto likiwahi, viwavi wa kwenye mialoni wanawahi, na ndege anavifuata. Hebu niambie, mradi gani wa miaka mitatu ungeliona hilo?

Kilichonigusa zaidi ni ploti za Colyear Dawkins, aliyewahi kuwa afisa misitu Uganda. Ziko zaidi ya 160, kila moja mita 10 kwa 10, na alama zake za chuma zimefukiwa ardhini. Mimi kwenye utafiti wangu wa masters nilizunguka siku nne nikitafuta ploti za mtangulizi wangu. Rangi kwenye miti ilishafutika. Nikaanza na sifuri.

Sasa pengo. Tunaelezwa jinsi kulungu walivyozidi wakala vichaka, na jinsi mimea ilivyobadilika walipopunguzwa kwa risasi. Sawa. Lakini kumpiga kulungu risasi siyo matokeo ya utafiti, ni uamuzi: umechagua vichaka, na ndege wanaojificha humo, dhidi ya mnyama. Kwa maoni yangu, mabishano hayo yalistahili nafasi kubwa zaidi. Sisi huku tunabishana kila siku nani aruhusiwe kuokota kuni msituni. Tungejifunza mengi hapo.

Miaka miwili baada ya kitabu kutoka, mwaka 2012, ugonjwa wa fangasi unaoua Fraxinus excelsior uligunduliwa Uingereza. Mti huo ni miongoni mwa miti mikuu ya Wytham. Kitabu hakikuweza kuyajua hayo, siwezi kukilaumu. Ila vipimo vya kabla ya ugonjwa vipo, na bila hivyo usingejua kilichopotea.

Kwa hiyo kisome. Na kama una ploti mahali, fukia chuma, chora ramani, mwachie mtu. Atakayekuja baada yako asizunguke siku nne kama mimi.