Ticha, swali lile hukupaswa kulipita

Mkanda ule wa tuisheni ya Historia umeshazunguka kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp, sina haja ya kuusimulia upya. Wengi wameusifia. Mimi nakwenda moja kwa moja dakika ya 22, maana hapo ndipo kipindi kilipoharibika na hakikutengemaa tena.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ticha ameshaandika ubaoni sababu tano za Vita vya Majimaji: kodi, kazi za shuruti, mashamba ya pamba, ukatili wa maakida, dharau kwa mila. Binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Samahani Ticha, kama vita vilianzia kwenye pamba kule Umatumbi, mbona Wangoni nao walipigana? Kwao pamba hiyo ilikuwepo?" Ticha akatazama saa. "Hilo haliulizwi kwenye mtihani, binti. Tuandike pointi ya sita." Kamera ilikuwa karibu naye. Swali alikuwa ameliandika pembeni mwa daftari kwa penseli. Akachukua kifutio, akalifuta, akapuliza vumbi lake, akaanza kuandika pointi ya sita.

Ni uamuzi mbovu, na haukuwa na ulazima. Swali lile halikuwa la kupoteza muda. Wanahistoria wamebishana juu yake miongo na miongo, na mtoto amelifikia mwenyewe kwa kusoma orodha na kuona haikai sawa. Mwalimu wa tuisheni analipwa kwa ajili ya dakika kama hiyo. Darasani kuna wanafunzi sabini na kengele inalia. Hapa walikuwa wanne kuzunguka meza moja.

Tuangalie alichokiacha. Mpango wa mashamba ya pamba ulianza 1902, enzi za gavana wa Kijerumani, von Götzen. Kila jumbe alitengewa shamba, watu wakasukumwa kwenda kulima, malipo yakawa kiduchu hadi wengine wakayakataa. Lakini huo ulikuwa mzigo wa pwani na majirani zake: Uzaramo, Rufiji, Kilwa, Umatumbi. Ndiyo maana Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, na ndiyo maana Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mapema Agosti, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Ungoni mambo yalikuwa mengine. Wajerumani walifika Songea 1897, wakawapokonya wakubwa wa Kingoni utawala wao, vikosi vyao na mateka waliowatajirisha. Septemba 1905 Wangoni walikuwa vitani, na tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi wao walinyongwa pale Songea kwa siku moja. Mkulima wa Kimatumbi aliyechapwa viboko shambani kwa jumbe na mtukufu wa Kingoni aliyevuliwa ukubwa hawakuwa na kinyongo kimoja. Maji waliyokunywa ndiyo yaliyokuwa mamoja.

Kwa dakika kumi tu, Ticha angegawa ubao mara mbili, Umatumbi huku na Ungoni kule, akawaambia: jazeni, kila upande ulikuwa unaumwa na nini? Zile pointi zake zote zingejitokeza zenyewe, kila moja na mwenyewe wake na mahali pake. Kisha angeuliza: je, hivi ni vita vimoja, au ni vita kadhaa vilivyopeana mikono? Mtoto aliyejibu hilo hahitaji kukaririshwa utangulizi.

Kuna na lile la pili, ambalo kwa kukimbilia pointi ya sita lilipita bila kuguswa. Pointi yenyewe ilikuwa "imani za kishirikina". Hapo mwanafunzi wa historia anatakiwa aulize: nani kasema, lini, na alikuwa na maslahi gani? Götzen aliandika kitabu chake cha vita hivi, kikatoka 1909. Huyu ndiye gavana ambaye sera yake ya pamba ilikuwa inanyooshewa kidole. Kwake ilikuwa nafuu kubwa waganga wabebe lawama kuliko ofisi yake. Miaka zaidi ya mia baadaye, hoja ya mshitakiwa inaandikwa ubaoni kama pointi ya kupata alama, wala hatuambiwi ilitoka mdomoni mwa nani.

Haya ya madesa nimeyalalamikia mpaka wasomaji wangu wa zamani wanacheka, na sitaacha. Tumewalea watoto waamini kwamba historia ni pointi sita, utangulizi mbele na hitimisho nyuma, tena kwa Kiingereza walichokimeza bila kukitafuna. Ukimwondolea karatasi ya pasti pepa, hana la kusema juu ya nchi yake.

Kumbe tuliwahi kufanya vizuri hapa hapa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, katika idara iliyoasisiwa na Terence Ranger, wanafunzi wa shahada ya kwanza walitumwa wakati wa likizo kwenda vijijini kuwauliza wazee kuhusu Majimaji. Wamo waliokuwa wameviona vita hivyo kwa macho yao. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa kwenye kazi hiyo, na Isaria Kimambo alikuwa idarani humo. Vijana wale hawakupewa pointi. Walipewa maswali na nauli. Najua, kizazi kile nacho kilikuwa na hamu yake: nchi changa ilitaka vita vya umoja, ikavipata. Lakini angalau walimwachia msomaji ushahidi wa kubishana nao. Nikiulizwa walimu bora wa historia tuliopata kuwa nao ni akina nani, bado nitawataja walimu wa idara ile, akiwemo Walter Rodney.

Haki itendeke: ramani ya Ticha ilikuwa safi, tarehe zake sahihi, sauti yake ya upole.

Wanaomtetea wanasema mtihani uko karibu. Sawa. Ila aliyeelewa kwa nini Songea ilipigana haisahau sababu ya Nandete, na aliyekariri orodha akisahau pointi ya tatu anaduwaa mpaka muda unakwisha.

Mzazi, kabla hujalipa ada ya tuisheni ya mwezi ujao, omba daftari. Tafuta swali moja tu lililoulizwa na mwanao, siyo na mwalimu, pamoja na jibu walilolihangaikia. Usipoliona, tafuta mwalimu mwingine.