Mizani Iliyoachwa Nyuma: "Doria ya Usiku" kutoka Riwaya hadi Mchezo wa Kompyuta

Aghalabu kazi ya fasihi inapogeuzwa na kuingizwa katika utanzu mwingine, swali la kwanza la mhakiki huwa ni la uaminifu: je, wahusika ni walewale, na matukio yamefuatana vilevile? Swali hili lina nafasi yake, ila halitoshi. Linda Hutcheon, katika kitabu chake A Theory of Adaptation (2006), anatofautisha namna tatu za kuifikia hadhira: kusimulia, kuonyesha na kushirikisha. Riwaya husimulia, filamu huonyesha, nao mchezo wa kompyuta humtaka mpokezi atende. Makala haya yanachunguza kazi iliyopitia namna zote tatu, yaani Nochnoi dozor (Doria ya Usiku) ya mwandishi wa Kirusi Sergei Lukyanenko. Tunadai kwamba kilichopotea katika mchezo si kisa, bali ni sheria inayokitawala kisa, na kwamba hasara hiyo haikuwa ya lazima.

Riwaya hii ilitolewa mwaka 1998, nayo ikafuatwa na nyingine tano katika mfululizo mkuu. Ni fantasia ya mjini kwa maana kamili. Mandhari yake ni Moscow ya miaka ya 1990, pamoja na treni zake za chini ya ardhi, majengo yake ya ghorofa na mnara wa televisheni wa Ostankino. Katika jiji hilo wanaishi Wengine, watu wenye uwezo wa kuingia Utusitusi, tabaka la uhalisi lililojificha nyuma ya huu tuuonao. Baadhi yao ni wa Nuru, baadhi ni wa Giza. Pande hizi mbili, zilipotambua kuwa vita vingewaangamiza wote, zilifunga Mkataba Mkuu. Doria ya Usiku ni ya watu wa Nuru wanaowachunga wa Giza, ilhali Doria ya Mchana ni ya watu wa Giza wanaowachunga wa Nuru.

Uzito wa riwaya umo katika Mkataba huo kuliko katika uchawi. Kila tendo la wema linalotendwa kwa nguvu za Nuru huupa upande wa Giza haki ya kutenda uovu wa kiwango hichohicho. Zaidi ya hayo, wanyonya damu huruhusiwa kuwinda binadamu kwa leseni, na leseni hizo hutolewa na watu wa Nuru wenyewe. Hivyo basi Anton Gorodetsky, msimulizi wa riwaya hii, ni mtu mwema ambaye wajibu wake mkubwa ni kujizuia. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unatuingiza katika hesabu inayomsumbua: nikimsaidia huyu, nani atakayelipa? Ni swali la kimaadili lililovikwa vazi la fantasia.

Hadithi ya kwanza kati ya tatu zinazounda riwaya inalithibitisha jambo hili. Anton anakutana na Svetlana, daktari ambaye juu ya kichwa chake kinazunguka kimbunga cheusi cha laana kinachotishia kuleta maafa jijini. Kila jaribio la kukishambulia hukikuza. Hatimaye Anton anaketi naye na kumsikiliza, na kutokana na mazungumzo hayo inabainika kuwa Svetlana amejilaani mwenyewe, kwa uchungu wa mama yake mgonjwa aliyekataa kupokea figo ya bintiye. Kilele cha hadithi, basi, ni kusikiliza.

Mwaka 2004 Timur Bekmambetov aliigeuza riwaya kuwa filamu. Mwaka uliofuata kampuni ya Kirusi ya Nival ilitoa mchezo wa kompyuta ulioegemea filamu hiyo kuliko riwaya. Ni mchezo wa mapambano ya zamu: mchezaji anaongoza kikosi kidogo cha watu wa Nuru, na kila mmoja wao ana idadi maalumu ya pointi za kutumia anapotembea, anapotupa uchawi au anapomshambulia adui. Utusitusi umo, na mchezaji anaweza kuuingia. Mkataba nao unatajwa na wahusika, lakini haumo katika kanuni za mchezo. Mchezaji anapomshinda adui hasikii kuwa mahali fulani jijini deni limeandikwa kwa jina lake. Tendo linalomtesa Anton katika riwaya limekuwa hapa ndiyo njia ya kusonga mbele.

Kinachosikitisha ni kwamba chombo cha kuubeba Mkataba kilikuwapo tayari. Mchezo wa aina hii ni daftari la hesabu: kila hatua ina bei, na mchezaji hupima kabla ya kutenda. Kama bei hiyo ingetozwa kwa nguvu za mwili na pia kwa haki anayopata adui, mchezaji angejikuta katika nafasi ya Anton bila kusomewa hata aya moja ya mawazo yake. Yaani, riwaya na mchezo zilikutana katika dhana ya hesabu, kisha zikapishana bila kutambuana.

Huenda msomaji akapinga kwamba mchezaji hununua mchezo ili atende, na kwamba mchezo wa kujizuia ungemchosha. Pingamizi hili linajibiwa na Papers, Please, mchezo uliobuniwa na Lucas Pope na kutolewa mwaka 2013. Humo mchezaji ni karani wa mpakani. Mume mwenye hati kamili anapita, kisha anafuata mkewe asiye na hati kamili. Karani akimhurumia hupewa onyo, na makosa yakizidi katika siku hiyo hukatwa fedha ambazo familia yake inazitegemea kwa chakula na dawa. Huruma imepewa bei, na anayeilipa ni mchezaji mwenyewe. Ugumu, kwa hiyo, hauko katika utanzu.

Tunahitimisha kwa kusema kuwa mgeuzaji wa fantasia ya mjini hana budi kutambua kwanza ni sheria gani inayoufanya ulimwengu wa riwaya uume. Majina, mavazi na mitaa ya jiji huhamishika kwa urahisi, kwa kuwa huonekana kwa macho. Sheria haionekani, na katika mchezo ina makao mamoja tu, nayo ni kanuni. Mhakiki naye anapaswa kuongeza swali moja kwa yale aliyoyazoea: katika kazi mpya, wema unagharimu nini, na nani anayelipa? Katika riwaya ya Lukyanenko jibu lipo karibu katika kila sura. Katika mchezo wa mwaka 2005, wema ni wa bure.