Kistari-chini na Wadhifa: Kusoma Majina ya Akaunti za Mfumo

Faili ya /etc/passwd katika mfumo endeshi wa Debian hufunguliwa na fundi mwenye haraka na kufungwa papo hapo, ilhali ni matini yenye arudhi kali. Kila mstari una vipande saba vilivyotengwa kwa nuktambili: jina, nafasi ya nywila, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo, makao na ganda la amri. Msomaji aliyezoea mizani na vina anajua kwamba kanuni ikibana kiasi hiki, hata kipande kilichoachwa kitupu kina la kusema. Tutazame mstari mmoja:

nobody:x:65534:65534:nobody:/nonexistent:/usr/sbin/nologin

Jina linakana kuwapo kwa mtu, makao ni saraka isiyokuwepo, na mahali pa ganda pamewekwa programu ambayo kazi yake ni kumkatalia anayetaka kuingia. Ni makanusho matatu, kila moja katika kipande chake, na hakuna linalorudia lenzake. La makao ndilo linalonivutia zaidi, kwani mkwaju mtupu ungetosha pale. Mtunzi akachagua kuutaja utupu wenyewe.

Ugumu wa kisanaa wa akaunti za mfumo kama hii ni kwamba majina yake ni ya nyadhifa, lakini yamepangwa katika orodha moja na majina ya watu. Majina yakigongana, nani atampisha mwenzake? Watu wa mwambao walitofautisha kwa kuongeza neno nyuma: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko. Kwenye Ziwa Mweru, kisiwa cha Kilwa kilicho upande wa Zambia, wilayani Nchelenge, na mji wa Kilwa wa ng'ambo ya Kongo hutumia jina lilelile, na muktadha ndio unaoamua. Mashine haina muktadha wa kuiokoa. Ndiyo maana OpenBSD iliweka alama mbele ya jina, kama katika _ntp. MacOS nayo ina _www, na Debian _apt. Kistari-chini hakitamkiki na hakuna mzazi anayemwita mwanawe kwa jina linaloanza nacho, hivyo jicho hutambua wadhifa kabla ya kusoma herufi ya kwanza. Debian-exim, lenye herufi kubwa na jina zima la mfumo, linatimiza kazi hiyohiyo kwa maneno mengi mno. Kwangu mimi ni umbo dhaifu.

Hata hivyo, kiini cha mfumo hakijali majina. Faili hubeba namba ya mwenyewe tu. Debian imetenga 0 hadi 99 ziwe zilezile katika kila mashine, 100 hadi 999 hugawiwa programu zinaposakinishwa, na watu huanzia 1000. Akaunti ikifutwa, faili zake hubaki na namba. Akaunti mpya ikipewa namba hiyo, inarithi kila kitu bila kuulizwa.

Bonde la mto Luapula, kulekule kwenye Ziwa Mweru, linaujua urithi wa aina hii kwa undani. Ian Cunnison, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu watu wa Luapula, alieleza jinsi mrithi anavyotwaa jina la marehemu pamoja na undugu wake, na kusimulia matendo ya waliomtangulia kwa nafsi ya kwanza. Kwa chifu Mwata Kazembe wa Mwansabombwe, jina ndilo linalodumu nao wenye jina hupokezana. Kwenye faili yetu mambo yamepinduka: namba ndiyo inayodumu, na jina laweza kubadilishwa bila faili hata moja ya akaunti hiyo kuguswa. Tena mrithi wa Luapula husimikwa mbele ya watu wanaojua anachokirithi. Mrithi wa namba hupatikana kwa bahati, hakuna shahidi.

Kwa hiyo, mwenzangu unayesimamia seva, programu ikiondolewa usiifute akaunti yake. Ifunge, uiache na namba yake.