"Dini" na "Isiyo na Dini": Mbiti na Okot p'Bitek Katika Mizani ya Rangwe

1. Swali

Katiba ya Tanzania ya 1977, kama ilivyorekebishwa, inaieleza Jamhuri ya Muungano katika ibara ya 3 kuwa ni nchi "isiyokuwa na dini". Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 8, inakataza kuwako kwa dini ya taifa. Aghalabu kauli hizi mbili huchukuliwa kuwa na maana moja, lakini tofauti yake si ndogo. Ya kwanza inataja upungufu: nchi haina kitu fulani. Ya pili inataja uhusiano: dini zipo, ila hapana iliyotawazwa juu ya nyingine. Hata hivyo zote mbili zimesimama juu ya neno moja, nalo ni "dini", na wala hapana iliyoeleza ni nini kinachostahili kuitwa hivyo, wala nani mwenye mamlaka ya kuhesabu.

Swali hili ndilo lililowagawa wataalamu wawili wakubwa wa Afrika Mashariki nusu karne iliyopita: John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na Mkamba, na Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia wa Kiacholi. Makala haya yanazipima hoja zao kwa mfano wa Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, sehemu iliyokuwa zamani katika Wilaya ya Nyanza Kusini. Sababu za kuichagua Rangwe ni mbili. Lugha ya wenyeji, yaani Kijaluo, ni ndugu wa karibu wa Kiacholi ambacho Okot alikitumia kujenga hoja yake. Pili, ndani ya Rangwe ipo Asumbi, kituo cha wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill tangu mwanzoni mwa karne ya 20, chenye shule na chuo cha ualimu.

2. Hoja mbili

Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alishikilia kwamba Mwafrika hatenganishi mambo matakatifu na mambo ya kawaida. Kulima, kuzaa, kuzika na kutawala, yote yamo ndani ya dini. Kwa msimamo huo, fikra ya kuitenga dini na mambo ya dola ni ngeni tangu mzizi wake.

Okot hakukubali. Katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika maandishi ya wataalamu wa Magharibi, aliwashutumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwa miongoni mwao, kwa kuivisha miungu ya wazee wao mavazi ya Kiyunani ili ipate kukubaliwa na Wakristo. Mfano wake mashuhuri unahusu lugha. Wamisionari waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha haikuwa na dhana hiyo, swali likageuzwa kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakatatizika, hata mmoja akakumbuka kwamba mtu apatwapo na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda na kuwa kibiongo, husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Jina hilo la pepo wa maradhi likawa jina la Mungu Muumba. Okot akahitimisha kwamba shabaha ya imani za Kiafrika ni maisha mema ya hapa duniani: afya, uzao na mavuno.

Kwa upande wa mbinu, ushindi ni wa Okot. Alianza na neno kabla ya kuijia itikadi, na hilo ni funzo kwa kila mwanaisimu. Udhaifu wake uko kwingine. Katika simulizi lake mwenye lugha anadanganyika tu. Hapewi nafasi ya kulitwaa neno la mgeni na kulifanyia kazi yake mwenyewe.

3. Ushahidi wa Nyanza Kusini

Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba amemezwa na joka la ziwani, Mumbo, na kutumwa kuwahubiria watu waupe kisogo utawala wa wazungu. Wito huo ulienea Nyanza Kusini na Ugusii. Serikali ya kikoloni iliuita uasi, ikaupiga marufuku na kuwahamishia baadhi ya viongozi wake Lamu.

Miaka hamsini baadaye, mnamo 1962 na 1963, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza vuguvugu lililotoka katika Kanisa Katoliki la eneo hilohilo: Legio Maria. Lilichukua Kilatini, rozari na vyeo vya Kirumi, likaviweka pamoja na uponyaji na kupunga pepo. Makao yake makuu matakatifu yako Got Kwer, Migori, alikozikwa Ondeto mwaka 1991. Hilo lilisajiliwa, likaitwa dini.

Mumbo na Legio Maria zote zilijibu kiu moja ya afya na heshima. Kilichozitenganisha ni kwamba ya pili ilikuwa na altare, makasisi na daftari. Kijaluo chenyewe kinathibitisha jambo hili. Neno "din", wingi wake "dinde", limepokewa kutoka Kiswahili, ambacho nacho kililipokea kutoka Kiarabu. Nalo hutaja hasa kundi la waumini ambalo mtu hujiunga nalo. Maneno ya kale ni mengine: "juogi" kwa pepo, "kwer" kwa mwiko, "chira" kwa maangamizi yampatayo mvunja mwiko. Hapana mtu ajiungaye na kwer. Huzaliwa ndani yake.

Hapa hoja ya Mbiti inaelemewa. Mwana wa kwanza hutangulia kujenga boma lake, na mdogo akimpita, chira huogopwa. Jambo hili liitwe nini? Likiitwa dini, linaangukia ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya. Likiitwa utamaduni, linaangukia ibara ya 44. Likiitwa ushirikina, halina ibara, ila lina kicheko cha darasani. Kusema kwamba yote ni dini hakulitatui swali, bali hulifunika. Na kulifunika kuna gharama: UKIMWI ulipoingia Nyanza, wengi waliusoma kwa lugha ya chira, na mhubiri wa afya aliyeliona neno hilo kuwa ujinga mtupu hakuwa na lugha ya kuwajibu.

4. Shule

Sheria ya Elimu ya 1968 ilizitia shule za misheni chini ya usimamizi wa umma, makanisa yakabaki na nafasi ya mfadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili uwakilishi katika bodi na wajibu wa malezi ya kiroho, kwa sharti kwamba imani za wengine zilindwe. Hivyo katika shule kama zile za Asumbi, dola isiyo na dini ya taifa hukutana na Kanisa katika ofisi moja.

Mtaala nao umefungua milango mitatu ya elimu ya dini: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Imani za wahenga hazikupewa mlango. Katika silabasi ya sekondari ya mfumo wa 8-4-4 zilipewa mada ndani ya elimu ya Kikristo. Mtoto wa Rangwe alijifunza habari za babu yake kama utangulizi wa habari za mtu mwingine. Mahakama nazo zimelazimika kuhesabu: mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba Urastafari ni dini inayolindwa, katika shauri la mwanafunzi na nywele zake.

Je, dawa ni kufungua mlango wa nne? Wapo watakaodai hivyo, lakini wamkumbuke mjane. Desturi ya tero, yaani kurithiwa kwa mjane, nayo imo katika mtandao wa kwer na chira. Ibara ya 44 inamlinda mtu asishurutishwe kufuata desturi. Mila ikivikwa joho la dini na kutiwa katika silabasi, mwenye kuifasiri atakuwa mwenye nguvu bomani, na mjane atapoteza kinga aliyopewa na sheria.

5. Hitimisho

Mbiti aliona sawasawa kwamba maisha hayakukatwa vipande viwili. Akakosea kuliita pande zima dini. Okot aliona sawasawa kwamba neno hilo lililetwa. Akasahau kwamba kiletwacho huweza kuwa cha mwenyeji, kama Kilatini kilivyokuwa cha Legio Maria.

Kwa Kiswahili, funzo ni kwamba "nchi isiyo na dini" ni istilahi pungufu. Huwafanya waumini waihofie dola kama adui wa Mungu, na huificha dola yenyewe isionekane ikichagua ipi ni dini na ipi ni uasi. "Nchi isiyofungamana na dini" inafaa zaidi, kwa kuwa inataja tendo, na tendo huweza kukaguliwa, hata katika bodi ya shule. Kazi inayowasubiri wanaleksikografia ni kuyakusanya maneno kama kwer na chira pamoja na matumizi yake yote, kabla hayajafungiwa katika kamusi kwa tafsiri ya neno moja. Wazee wa Kiacholi waliulizwa swali moja kwa neno lisilofaa, na jibu lao likadumu karne nzima.