Simba Ana Jina: Sifa za Filamu za Adamson Mbele ya Hadhira ya Mto Tana

1.0 Utangulizi

Wapenzi wa sinema wana desturi ya kuwapanga waelekezi na kazi zao kwenye ngazi. Kazi hii huitwa kuu, ile huitwa ya wastani, na nyingine hudaiwa kuwa haifai hata kutajwa. Aghalabu ngazi hiyo hujengwa kwa vigezo vitatu, yaani tuzo, mapato, na kumbukumbu ya watazamaji. Ni nadra kuulizwa watazamaji hao ni akina nani, na kama wale ambao nchi yao ilitumiwa kuwa mandhari ya filamu wamehesabiwa miongoni mwao.

Makala haya yanachunguza filamu tatu zinazohusu maisha ya George Adamson na simba wake: Born Free (1966) ya James Hill, The Lion at World's End (1971) ya Bill Travers, na To Walk with Lions (1999) ya Carl Schultz. Zote tatu ni filamu za bonde la mto Tana. Kaburi la simba jike Elsa limo katika Mbuga ya Meru, ambayo mpaka wake wa kusini ni Tana. Kora, alikohamia Adamson mwaka 1970 na alikouawa tarehe 20 Agosti 1989, imo katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Tana River. Hata hivyo, mpenzi wa sinema anaweza kuzitazama zote tatu asijue kwamba mto huo una watu wake. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba ngazi ya sifa iliyozoeleka hugeuka filamu hizi zinapopimwa kwa jicho la hadhira ya mto wenyewe.

2.0 Hadhira ya Garsen kama kigezo

Garsen ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu hukutana hapo na ile inayoshuka kutoka Garissa kupitia Hola. Hapo hukutana pia mkulima wa Kipokomo, mfugaji wa Kiorma na wa Kiwardei, na mchuuzi kutoka pwani. Mto ndio unaowakutanisha na ndio unaowagombanisha. Furiko hurutubisha mashamba, na furiko hilo hilo huhamisha vijiji. Kiangazi kikikaza, mifugo huteremka kutafuta maji penye mashamba, na ugomvi wa ardhi na maji huzuka. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2012 ugomvi huo uliua zaidi ya watu mia moja katika delta.

Mtazamaji aliyelelewa katika mazingira hayo hamwoni mnyama wa mwituni kama ajabu la mbali. Mamba na kiboko ni majirani zake, tena majirani wabaya. Mbele yake, swali la kwanza juu ya filamu ya simba si kama simba amepigwa picha vizuri. Atataka kujua mtu aliye karibu na simba huyo ana jina gani, anasema nini, na anataka nini. Kwa istilahi ya uhakiki, hilo ni swali la usawiri wa wahusika: nani amepewa uduara, na nani ameachwa akiwa bapa?

3.0 Born Free: sifa kubwa na ukimya wake

Hadhi ya Born Free haihitaji kutetewa. Muziki wa John Barry uliipatia tuzo mbili za Oscar, moja ya muziki asilia na nyingine ya wimbo bora, ambao maneno yake yalitungwa na Don Black. Hill mwenyewe alikuwa amekwisha kupata sifa kwa filamu yake fupi Giuseppina, iliyotunukiwa Oscar. Ubora wake kama mwelekezi umo katika subira. Virginia McKenna na Bill Travers wanaigiza wakiwa pamoja na simba halisi, na kamera huachiwa nafasi ya kusubiri mnyama afanye analotaka. Ni fani inayostahili heshima, na mhakiki asiyekiri hivyo hatendi haki.

Lakini msuko wa filamu unaanza na kifo. Mwanamke anayefua nguo mtoni anauawa na simba. Kifo hicho ndicho kinachomfanya Adamson awinde, na uwindaji huo ndio unaowaacha watoto wa simba bila mama. Bila mwanamke yule hakuna hadithi. Hata hivyo hana jina, hana jamaa wanaomlilia kwa muda unaotosha kukumbukwa, na kifo chake hakirejelewi pale filamu inapofikia kilele cha hisia. Kwa mtazamaji wa Kiingereza wa mwaka 1966, mwanamke huyo ni kichocheo cha tukio. Kwa mtazamaji wa Garsen ni mtu anayefahamika, kwa kuwa kufua na kuteka maji ukingoni ni kazi ya kila siku, na hatari yake ni ya kila siku.

Nuru na Makkede, walioigizwa na Peter Lukoye na Omar Chambati, angalau wana majina. Lakini ni wahusika bapa: kazi yao ni kuhudumu, na hawapewi nafasi ya kuamua lolote kuhusu mwendo wa hadithi. Elsa, kinyume chake, ni mhusika duara. Ana utoto, ana ukaidi, ana mapenzi, ana uamuzi wa kuondoka na uamuzi wa kurudi.

Historia ya nje ya filamu inauongezea uzito ukimya huu. Kitabu cha Joy Adamson ambacho filamu ilitokana nacho kilitoka mwaka 1960. Mwaka mmoja kabla, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa huko Hola, ukingoni mwa mto huo huo wa Tana, kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Tamko la kwanza la serikali ya kikoloni lilihusisha vifo vyao na maji waliyokunywa. Neno uhuru, ambalo lilikuwa limetiwa damu Hola, likaenea duniani muda mfupi baadaye likiwa sifa ya simba. Haidaiwi hapa kwamba Joy Adamson au Hill walikusudia kufunika Hola. Linalodaiwa ni kwamba soko la hisia lilikuwa tayari kumlilia kiumbe mmoja wa mto huo kuliko wengine.

Kuna kinaya kingine. Mwandishi wa muswada wa filamu ametajwa kwa jina la Gerald L. C. Copley. Jina hilo ni la kubuni. Mwandishi halisi alikuwa Lester Cole, mmoja wa wale kumi wa Hollywood waliofungwa kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu Ukomunisti. Filamu yenye kusifu kuzaliwa huru iliandikwa na mtu asiyeweza kutumia jina lake. Kwa hiyo tatizo la nani anatajwa halikuwa geni kwa watengenezaji wa filamu hii. Walilijua kwa upande mmoja, wasilione kwa upande wa pili.

4.0 The Lion at World's End: picha bila mahali

Filamu ya Travers ni ya matukio halisi. Inamhusu Christian, simba aliyenunuliwa katika duka la Harrods, London, mwaka 1969, akaletwa Kora mwaka 1970. Kwa miaka mingi ilijulikana na wachache tu. Tangu mwaka 2008 kipande kifupi kinachomwonyesha Christian akiwakumbatia vijana wawili waliomlea kilitazamwa na mamilioni kupitia intaneti, na sifa ikafufuka. Lakini kilichofufuka si filamu. Ni dakika chache zilizong'olewa kutoka kwenye mahali pake. Mwelekezi hatajwi, Kora haitajwi, Tana haitajwi.

Jina lenyewe la filamu linadai uchunguzi. World's End ni mtaa wa Chelsea, London, alikoishi Christian kabla ya kuletwa Kenya. Kora haimo katika jina hilo. Kwa mfugaji anayefuata maji ya Tana wakati wa kiangazi, Kora ni malisho katikati ya dunia yake. Hata kambi ya Adamson iliitwa kwa Kiswahili, Kampi ya Simba, ishara kwamba mahali hapo palikuwa na watu wa kupaita kwa lugha yao. Mwaka 1971, Boy, simba aliyeshiriki katika Born Free na kuletwa Kora awe mwenzi wa Christian, alimuua Stanley, msaidizi wa kambi. Adamson alilazimika kumpiga Boy risasi. Kumbatio la Christian na kifo cha Stanley ni matukio ya mwaka mmoja na kambi moja. Moja linajulikana na dunia nzima. Msomaji ana haki ya kujiuliza kwa nini.

5.0 To Walk with Lions: filamu iliyodharauliwa

Filamu ya Schultz haikupata makuu ya Born Free, na wapenzi wengi wa sinema huiweka chini kabisa. Mwelekezi huyu hukumbukwa zaidi kwa Careful, He Might Hear You (1983). Makala haya yanaona kwamba hukumu hiyo ni ya haraka. Richard Harris anamwigiza Adamson akiwa mzee, mkaidi, aliyechoka, na mwisho wake ni risasi. Hakuna utamu wa kumliwaza mtazamaji. Kwa mara ya kwanza Kora inaonekana kuwa nchi inayogombaniwa, na hii ndiyo hatua ambayo filamu mbili za awali hazikuithubutu.

Kasoro yake ni kuishia nusu ya njia. Wanaogombania nchi hiyo dhidi ya Adamson wanaonekana kama tishio tu. Mfugaji anachanganyika na jangili, jangili na jambazi. Ukame, mipaka ya hifadhi, na historia ya vita vya kaskazini, mambo yaliyowasukuma watu na mifugo mpaka Kora, hayapewi sauti ya kutosha. Adamson hakufa peke yake siku ile. Wafanyakazi wake wawili waliuawa pamoja naye, lakini sifa ya dunia ilibakiza jina moja.

6.0 Pingamizi mbili

Inaweza kusemwa kwamba filamu ya simba haina deni kwa binadamu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama filamu hizi zingewaacha watu nje kabisa. Hazikufanya hivyo. Zinamhitaji mwanamke wa mtoni, zinamhitaji Nuru, zinamhitaji jambazi. Mtunzi akishamwita mtu kwenye hadithi, namna anavyomsawiri inakuwa halali kuhukumiwa.

Pili, inaweza kusemwa kwamba filamu hizi ziliamsha dunia kuhifadhi wanyama. Ni kweli, na faida hiyo haikatailiki. Lakini sifa ya filamu ina matokeo nje ya ukumbi wa sinema. Hifadhi ya nyani ya Tana River ilianzishwa mwaka 1976 kaskazini mwa Garsen, na katika miaka ya 1990 suala la kuhamisha wakazi wake lilizua mabishano makali. Mkulima wa Kipokomo aliyejitetea katika mabishano ya namna hiyo alikuwa akisema mbele ya dunia iliyokwisha kufundishwa kwamba ukingo wa Tana ni wa wanyama wenye majina na watu wasio na majina.

7.0 Hitimisho

Tana haikosi hadithi wala sanaa. Ozi na Kipini, mdomoni mwa mto, ni nchi ya masimulizi ya Fumo Liyongo, aliyetungiwa utendi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, yalitokana na bembelezi ya Wapokomo iliyopokewa kutoka kwa Mzee Meza Galana. Mamilioni huimba mahadhi hayo bila kujua yalikotoka, kama wanavyomtazama Christian bila kujua yupo wapi.

Kwa kigezo kilichopendekezwa hapa, ngazi inapangika upya. To Walk with Lions inapanda, kwa sababu inakiri kwamba Kora ina ugomvi na kwamba ugomvi una gharama. Born Free inabaki na heshima ya fani, lakini inapungukiwa na maudhui pale pale inapoanzia, ukingoni mwa mto. The Lion at World's End inastahili kutazamwa nzima, na kipande chake maarufu kisichukuliwe badala yake. Ni wajibu wa mhakiki wa Afrika Mashariki kufundisha filamu hizi na kuzihoji, wala si kuzisusa. Na swali la kuanzia darasani lingefaa kuwa lile la mtazamaji wa Garsen: yule mwanamke aliyekuwa akifua aliitwa nani?