Mchoma Makaa Asiyepewa Hoja: Tahakiki ya Mikutano ya Mazingira Vyuoni

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, vyuo vyetu vingi vya ualimu nchini Uganda hupanda miche, hupamba ukumbi na kuwakusanya wanafunzi wasikilize mazungumzo. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm. Siku hizi vyama vya Kiswahili vya vyuoni navyo hualikwa kutoa hotuba, ngonjera na mdahalo. Hili ni jambo la kutia moyo, maana kwa muda mrefu lugha yetu ilihesabiwa kuwa haina nafasi katika mambo ya elimu na sayansi. Walakini, mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji. Tukiishia kupiga makofi tu, tutakuwa tumeacha kazi yetu. Yafaa basi tuzipime sanaa hizi za jukwaani kama tupimavyo kazi nyingine yoyote ya lugha, kwa kuuliza zinasema kweli gani, na msikilizaji huondoka na nini.

Tuanze na hotuba. Walimu wengi hulalamika kuwa hotuba za mazingira hazieleweki kwa sababu ya istilahi ngumu. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Neno “endelevu” limeundwa kwa kanuni ya lugha yenyewe: kama vile “legea” lizaavyo “legevu”, na “nyamaa” lizaavyo “nyamavu”, ndivyo “endelea” lilivyozaa “endelevu”. “Tabianchi” nalo si geni, kwani ni ile “tabia ya nchi” ya vitabu vya jiografia iliyounganishwa ikawa neno moja. Maneno haya hayana kosa. Kosa ni kuyataja bila kuyagusisha na kitu chochote.

Katika chuo kimoja tulimsikia mgeni wa heshima akizungumza kwa saa nzima juu ya matumizi endelevu ya misitu, na huku nyuma ya ukumbi lori likimwaga kuni za kupikia posho na maharagwe ya muhula. Hakuna aliyeuliza kuni zile zilitoka wapi, wala zingetosha majuma mangapi. Lau msemaji angaliwatoa wanafunzi nje wakazihesabu, neno “endelevu” lingalipata maana yake pale pale: ikiwa mti uliochukua miaka mingi kukua huliwa na jiko letu kwa siku chache, na hatupandi mwingine wa kuushika mkono, basi jiko hilo si endelevu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angalielewa.

Tuje kwenye ngonjera, ambayo ndiyo hupendwa zaidi. Utanzu huu, ulioenezwa na marehemu Mathias Mnyampala wa Tanzania, ni wa majibizano: pande mbili hushindana kwa hoja, na mwishowe hupatana. Katika ngonjera za mazingira tuzisikiazo vyuoni, mhusika mmoja karibu kila mara ni mchoma makaa. Huingia na shoka begani, nguo zimemchafuka, akijigamba kuwa miti haiishi. Mwalimu au mwanafunzi humwonya kwa beti mbili tatu juu ya ukame na mmomonyoko wa udongo. Mara mchoma makaa huangua kilio, hutupa shoka, na wote huimba pamoja. Ukumbi hucheka, kisha hushangilia.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye udhaifu mkubwa, nao ni wa sanaa na wa maadili kwa pamoja. Mshairi amempa mchoma makaa majivuno, lakini hakumpa hoja. Katika malumbano ya washairi wa pwani, ambaye hamjibu mpinzani wake katika hoja yake kali hahesabiwi kuwa ameshinda. Mchoma makaa wa kweli ana hoja kali. Angeweza kuuliza: “Ninyi wa mjini mwapikia nini? Nikiacha tanuri hili, karo ya watoto nitaitoa wapi? Aliyekata msitu zaidi ni mimi mwenye shoka, au ni mwenye lori?” Ngonjera isiyojibu maswali hayo haijamshinda mtu yeyote.

Jambo hili si mchezo wa ukumbini. Mwaka 2023 Rais wa Uganda alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika sehemu za kaskazini, kwa kuwa misitu ya huko ilikuwa ikiteketea. Madhara hayo ni ya kweli, nasi hatuyapuuzi. Lakini katika kumbi zetu wamo wanafunzi ambao karo yao imelipwa kwa magunia ya makaa. Mwanafunzi wa namna hiyo humwona babaye akichekwa jukwaani. Hupiga makofi pamoja na wenzake, ila moyoni hakusadiki. Kesho kutwa atakuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Huko ama atanyamaza kabisa juu ya mazingira, ama atawafundisha watoto kuwadharau wazazi wao. Njia zote mbili ni hasara kwa msitu.

Mfano bora tunao kwa jirani. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Katika semina za chama chake, wanakijiji waliulizwa kwanza matatizo yao ni yapi, kisha yanatokana na nini, ndipo wakaongozwa kuona sehemu ambayo wao wenyewe walikuwa wakiitenda katika uharibifu. Lawama kwa serikali hazikuzuiwa, lakini hazikuachwa ziwe mwisho wa maneno. Aidha, akina mama waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioishi. Tuzo ilikuwa ya mti uliosimama, si ya shimo lililochimbwa mbele ya wageni.

Sisi walimu wa Kiswahili twaweza kujifunza hapo mambo matatu. Kwanza, hotuba iwe fupi, na nusu ya muda iwe ya baraza, ambapo mpishi wa chuo, mlinzi na mwuza makaa wa jirani nao watasema. Pili, mtungaji wa ngonjera aandike beti za mpinzani kwanza, kwa nguvu zake zote, ndipo ajaribu kuzijibu. Akishindwa, basi amegundua kuwa hana bado la kufundisha. Tatu, mada za mdahalo ziwe na pande mbili za kweli. “Kukata miti ovyo ni kubaya” si mada, maana hakuna wa kuipinga. Bali tuulize: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, nasi tukatangaza katazo letu mwaka 2009, kwa nini huko katazo lilishika, na kwetu kavera zingali madukani? Hapo wanafunzi watalazimika kufikiri, kutafuta habari na kuchagua maneno yao kwa uangalifu.

Na mkutano ujao utakapofunguliwa, jambo la kwanza lisomwe hesabu: miche mingapi ilipandwa mwaka uliopita, na mingapi i hai.