Buhemba: Mshika Ubao Hashuki Shimoni

Mliokuwa kwenye machimbo ya Buhemba siku ya zoezi la uokoaji mliona kila kitu, kwa hiyo naanzia pale filimbi ilipolia. Kijana wa kwanza yuko chini ya duara, yaani shimo la wachimbaji, mita 30 na ushei, seti ya kupumulia mgongoni, barakoa ya uso mzima imemkaa sawasawa, kamba ya uokozi imefungwa kwenye mkanda wake na kupita kwenye kapi ya miguu mitatu mpaka kwenye winchi. Mshika kamba anavuta kuuliza hali. Kimya. Anavuta tena. Kimya. Ndipo ikaanza kusikika filimbi ya mtungi, ile inayoonya kwamba hewa inakaribia kuisha, nyembamba, ikitokea gizani. Mkufunzi akamgeukia mshika ubao, yule aliyekuwa ameandika saa ya kuingia na geji ya mtungi, akamwambia: "Mura, vaa seti ya pili, mfuate mwenzako." Ubao ukalazwa juu ya kiroba cha mawe, chaki juu yake, kijana akavaa akashuka.

Amri ile ilikuwa kosa tangu neno la kwanza. Hakuna aliyeumia kwa sababu hewa ya duara lile ilikuwa nzuri, na yule wa kwanza, kama alivyosema mwenyewe alipotoka, alikuwa amesahau ishara za kamba. Hiyo ni bahati, na bahati haifundishwi.

Tazameni amri moja ile iliondoa nini. Kwanza iliondoa saa. Ubao ulipolazwa, pale juu hapakuwa tena na mtu anayejua kijana wa kwanza aliingia na hewa kiasi gani, wala wa pili ameingia saa ngapi. Niliusogelea na kuutazama: mstari wa kwanza umeandikwa vizuri, wa pili haupo kabisa. Seti ya akiba nayo ikaondoka, maana zilikuwa mbili tu, na zote sasa zilikuwa chini. Angekwama wa pili, tungebaki tumezunguka shimo na mikono mitupu.

Lililo baya kuliko yote ni njia. Mdomo wa duara lile ni kama mita moja kwa mita moja, na matimba, yale magogo ya kupandia, yamekula sehemu ya nafasi hiyo. Mliona mtungi wa kijana wa pili ulivyokwama kwenye timba la tatu, akajipinda ubavu, akapapasa kwa mguu, vijiwe vikamwagika chini kwenye kofia ya mwenzake. Katika upana huo watu wawili wenye mitungi mgongoni hawapishani. Kuanzia pale wa pili alipoingia, wa kwanza hakuweza tena kuvutwa juu. Njia pekee ya kutokea ilizibwa na mtu aliyetumwa kuokoa.

Na winchi ilikuwepo! Kamba ilikuwa imefungwa, kapi imepakwa grisi, vijana wawili wenye nguvu wamesimama pembeni ya mkono wa winchi wakisubiri kuambiwa. Kanuni ya kwanza ya nafasi finyu, kabla hata ya kugusa barakoa, ni kumtoa mtu bila kumwingiza mwingine. Kimya kwenye kamba mara mbili, zungusha winchi. Ukiona kamba imekaza na haiji, hapo ndipo unafikiria la pili, na la pili linafanywa na mtu wa akiba aliyekwisha vaa, aliyekwisha pimwa, ambaye hana ubao mkononi.

Mkufunzi alipoulizwa alijibu kwamba alitaka vijana wajifunze uokoaji wa kushuka. Nia naielewa, tena ni mtu mwenye ujuzi: kupima gesi juu, katikati na chini kulifanyika inavyotakiwa, barakoa zilihakikiwa kwenye ndevu na mashavu, mkanda ulikaguliwa mara mbili. Lakini uokoaji wa kushuka unafundishwa kukiwa na watu watatu au zaidi, na anayeshuka kamwe hawi mshika ubao. Kama watu hawatoshi, somo hilo linaahirishwa.

Hesabu mnaijua, lakini niiweke tena. Mtungi wa lita 6.8 ukijazwa mpaka baa 300 unabeba lita 2,000 hivi za hewa. Kwa kazi ya wastani tunahesabu lita 40 kwa dakika, yaani dakika 50 mpaka mtungi uishe kabisa. Mtu anayepanda, anayevuta mzigo au aliyeshikwa na hofu hutumia mara mbili ya hapo, na dakika 50 zinageuka 25. Filimbi inalia ikibaki baa 55 au karibu na hapo, sawa na lita 370. Kwa anayehema sana hizo ni chini ya dakika 5. Nani kati yenu anapanda mita 30 za matimba kwa dakika 4 na kitu, akiwa na zaidi ya kilo 10 mgongoni? Ndiyo maana filimbi inapolia mtu anatakiwa awe ameshafika mdomoni. Kumgeuza kwa wakati ni kazi ya mshika ubao, kwa kuhesabu. Anayesubiri filimbi ndipo amgeuze, amechelewa.

Kuna jambo jingine ambalo siku ile lilifichika. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe, yalikuwa yamezimwa kwa heshima ya mgeni rasmi, ndiyo maana filimbi ilisikika mpaka kwenye viti vya watazamaji. Siku ya kazi Buhemba hainyamazi: karasha huku, pampu kule, winchi ya jirani inalia. Filimbi ya mita 30 chini huisikii. Siku hiyo kinachojua hali ya mtu aliye shimoni ni ubao peke yake, na sisi tuliwafundisha vijana kuulaza juu ya kiroba.

Ubao huo haukuletwa duniani na mpenda karatasi. Januari 1958 soko la nyama la Smithfield, London, liliungua kuanzia chini ya ardhi, kwenye vyumba vya baridi vilivyojaa vichochoro. Wazimamoto Jack Fourt-Wells na Richard Stocking waliingia na seti zao za oksijeni, wakapotelea kwenye moshi, na hewa ikawaishia kabla hawajapata njia. Baada ya vifo hivyo zimamoto wa Uingereza walikaza utaratibu: kila anayevaa seti anaacha kibao chenye jina lake mlangoni, kuna ubao, kuna saa, kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuvitazama hivyo tu. Filimbi ya kuonya nayo ilisisitizwa kutokana na msiba huohuo. Wale walinzi wa mlango wa enzi zile, waliosimama kwenye baridi na chaki wakikataa kuingia hata ndani kunapowaka, ndio wakufunzi ninaowaheshimu kuliko wote wa leo wenye vifaa vya umeme kiunoni. Walijua kwamba kusimama bila kushuka ni kazi ngumu inayohitaji kufunzwa.

Na kwetu ni ngumu zaidi. Duara la Buhemba lina ndugu ndani yake, kaka na mdogo mtu, baba na mwana, vijana wa ukoo mmoja kutoka Butiama au Bunda. Mwenzako akinyamaza chini, mwili wenyewe unataka kushuka. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipochunguza vifo vya nafasi finyu miaka ya 1980 ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa wameingia kuokoa wenzao. Hamu hiyo kijana wa machimboni anayo tayari, hatuhitaji kumfundisha. Tunachotakiwa kumfundisha ni kuizuia mpaka kamba ivutwe. Siku ile mkufunzi aliipa hamu hiyo baraka mbele ya umati.

Nchi hii ina mifano yake. Juni 2002, Mererani, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa shimoni. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ, na wote wakatolewa hai baada ya siku kadhaa. Kabla ya kuwafikia kwa mikono, waokoaji waliwafikia kwa bomba. Subira ile sijaiona Buhemba.

Nimekwisha kusema mara nyingi kuhusu kibatari cha kupimia hewa ya shimo, na nitasema tena kwa sababu siku ile nilimwona mzee mmoja wa duara la jirani akikisifia. Moto wa kibatari unazimika oksijeni ikishuka kufikia asilimia 16 au 17 hivi, kwa hiyo kuhusu upungufu wa oksijeni unasema kweli. Kaboni monoksidi, ile inayobaki baada ya baruti na inayotoka kwenye pampu ya petroli mnayoishusha kunyonya maji, haikizimi. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, haina harufu, na kibatari kinaendelea kuwaka pembeni ya maiti. John Scott Haldane alilieleza hilo kwa wachimbaji wa makaa ya mawe mwaka 1896 na kuwapendekezea ndege aina ya kanari, anayeanguka kabla ya binadamu. Barakoa za vumbi mnazouziwa madukani nazo hazisaidii kitu: hazichuji gesi hiyo, na hakuna kichujio kinachotengeneza oksijeni isiyokuwepo. Kompresa ya kuchorongea pia isijaze mtungi wa kupumulia, hewa yake ina mvuke wa oili.

Halafu vyeti. Viligawiwa saa nane mchana siku ileile, fulana zikavaliwa, picha zikapigwa. Hakuna aliyefanya zoezi gizani, hakuna aliyepanda matimba geji ikisoma chini ya baa 100, na kijana aliyesahau ishara za kamba alipewa cheti sawa na wenzake. Wale wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na wa Tume ya Madini wanaokagua maduara watakubali karatasi hiyo kama ilivyo.

Naomba zoezi lirudiwe na vijana walewale kwenye duara lilelile, makarasha yakiwa yanasaga. Mshika ubao apewe chaki na saa, asipewe seti. Mtu wa akiba akae amevaa tangu wa kwanza anaposhuka, awe mwingine kabisa. Na katikati ya zoezi, bila kumwambia yeyote, kijana wa chini aagizwe asijibu kamba, ili tuone mkono wa nani unakwenda kwenye winchi.